Kutupa Mahindi Yenye Ukungu: Je, Ni Israfu?



Ndugu zangu, tuchukue nyumba moja ya Bugoye, chini ya milima ya Rwenzori. Mahindi yalivunwa mvua ikinyesha, yakatiwa guniani na unyevu wake, gunia likawekwa sakafuni. Miezi miwili baadaye yana ukungu. Mzee wa nyumba anasema kuyatupa ni israfu: yasagwe, na mengine yatolewe sadaka. Je, ni sawa?

Ukungu huo huweza kuleta sumu ya aflatoksini, ambayo Watanzania huiita sumukuvu. Sumu hii haiishi kwa kupikwa, na ng'ombe akilishwa hupita hadi kwenye maziwa. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Kama jirani anayakataa, kwa nini maskini wetu ayapokee?

Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kuchagua kilicho kibaya ili tukitoe, hali sisi wenyewe tusingekipokea. Tena tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini kuna unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Udhuru wa mvua haukumwokoa, kwa sababu aliuficha unyevu chini.

Wapo watakaosema njaa ni dharura. Kweli, asiye na kingine atachambua punje na kula zilizo nzima. Lakini huyo anajiamulia mwenyewe. Mwenye akiba hana haki ya kumwamulia mwenziwe ale sumu, kisha aandikiwe thawabu.

Kwa hiyo naona kuyafukia si israfu. Israfu ilikwisha kufanyika siku ile yalipotiwa guniani mabichi. Na kusema "sikujua" ni vigumu, maana kujua ni rahisi: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai. Yakikauka, weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Sisi tuliosoma tukirudi nyumbani likizo, tuanzie ghalani. Chakula ni amana kabla hakijawa sadaka.

Wabillahi tawfiq.