Nani Anaweza Kusema Hapana?

Hapa Kenya ukisikia neno sarakasi, akili hukimbilia siasa kwanza. Lakini sarakasi yenyewe, ile ya farasi na kamba, ina swali zito kuliko kelele za Bunge: anayelipa ili atazame, anadaiwa nini na anayetazamwa?

Mwaka 1768 jijini London, Philip Astley, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha farasi, alianza kuonyesha mbinu zake kwenye duara. Farasi akikimbia kwa mzunguko, mpandaji huweza kusimama wima mgongoni bila kuanguka. Baadaye Astley akaongeza watembea kwa kamba na machale. Hapo sina ugomvi. Shingo aliyohatarisha ilikuwa yake.

Ugomvi wangu uko Marekani. Mwaka 1835, P. T. Barnum alianza kumtembeza Joice Heth, mtumwa Mweusi, mzee na kipofu, eti ana miaka 161 na alimlea George Washington. Heth alipofariki 1836, Barnum akauza tiketi ili watu waone maiti yake ikipasuliwa. Na watu wakalipa! Mwaka 1882, sasa akiwa na sarakasi kubwa, akamnunua Jumbo, tembo aliyetekwa Afrika akiwa mdogo. Treni ilimuua Jumbo huko Kanada 1885. Hata hivyo ngozi na mifupa yake iliendelea kuonyeshwa.

Tunamlaumu Barnum, na anastahili. Lakini bila mwenye tiketi, Barnum ni mtu tu anayepiga kelele kwenye hema tupu.

Utaniambia, hata huyo dada anayening'inia kwenye bembea huko juu, huenda ni njaa imempandisha. Kweli kabisa. Hiari ya mtu maskini haiji ikiwa safi. Ila yeye anaweza kudai malipo, kukataa, kushuka, kuhama. Heth hangeweza. Jumbo hangeweza. Kwa hivyo mimi sipimi hatari. Napima kama aliye ndani ya duara anaweza kusema hapana, na hapana yake isikike.

Kipimo hiki kina gharama. Ringling Bros. and Barnum & Bailey iliwastaafisha tembo wake 2016, mauzo ya tiketi yakazidi kushuka, na 2017 ikafunga. Watazamaji waliwataka tembo. Ilirudi 2023 bila mnyama hata mmoja, wanasarakasi wakibeba shoo nzima.

Siku hizi hema liko mfukoni mwetu. Mlevi ameanguka mtaroni, mtoto anapigwa kelele na mzazi, mtu amechanganyikiwa stejini, na sisi tunasambaza tukicheka. Hatulipi pesa, si ndiyo? Tunalipa kwa macho, na kuna mtu anayahesabu. Kabla hujabonyeza, angalia aliye kwenye video: je, alijua kamera ipo?