Sheria na Maana Yake

Katika Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Luther mwaka 1529, kila amri hufuatwa na swali la maana yake. Mtoto hasifiwi kwa kuikariri amri tu. Sharti aeleze yamtaka nini. Basi twauliza: je, sheria kuu ya nchi, yaani katiba, nayo isiulizwe vivyo hivyo?

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, katiba yake iliandikwa kwa Kiingereza, na Malkia wa Uingereza akabaki mkuu wa nchi hata ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962. Walioweza kuyasoma maandiko yale walikuwa wachache. Wengi walilisikia neno moja, uhuru, ambalo zamani lilitaja hali ya mtu asiye mtumwa.

Mwanahistoria Emma Hunter, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya mawazo ya siasa Tanzania, hakutosheka na maneno ya wakubwa. Alisoma magazeti ya Kiswahili, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, aone jinsi waandishi na wasomaji walivyoyafahamu maneno ya namna hiyo. Hawakuwa na fikira moja, walijadiliana.

Labda mtu atasema, “Sheria ni herufi zake; waliyoyadhani watu si kitu.” Kweli, hakimu hufungwa na herufi. Lakini mtu hutii kwa moyo lile alilolifahamu, wala hawezi kudai haki asiyoijua. Tena, sura ya haki za binadamu ilitiwa katika katiba yetu mwaka 1984 tu. Je, kabla yake watu hawakuijua haki? Waliijua, ila haikuwa na herufi za kuilinda. Kumbe herufi na maana zahitajiana.

Lakini tujihadhari tusiwavike wazee wetu mawazo yetu ya leo. Tuulize kwa utaratibu: Imeandikwa nini? Waliosikia walifahamu nini? Nasi twataka nini? Ayachanganyaye mambo haya matatu huwashuhudia uongo waliokufa, na amri ya nane yatukataza.

Hapa Dodoma, mwaka 2014, Bunge Maalum lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa mwaka 2015 haikufanyika. Swali la katiba lingalipo. Basi, enyi walimu, kumbukeni Walawi wa siku za Ezra, walioifafanua torati hata watu wakaelewa. Isomeni katiba pamoja na wasiojua kusoma, mkawaeleze maana yake pasipo kuongeza tamaa zenu.