Ghala la Yusufu, Betri ya Taifa

Stima ikipotea Kenyatta Market, makaa ya nyama choma hayana habari. Mashine ya kinyozi na draya ya msusi ndizo hunyamaza, na mwenye jenereta huendelea kuchuma. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, imepanga kujenga betri kubwa za kuweka akiba ya umeme, kwa hiyo swali linafika mapema: ufunguo wa ghala hilo ashike nani? Usiku wa manane mahitaji hushuka, ilhali mvuke wa jotoardhi wa Olkaria haulali. Mwingine huachiliwa hewani. Jioni kila mtu hudai kwa pamoja. Mwenye betri hununua usiku, akauza jioni. Biashara halali, ila giza likizidi kwa jirani, faida yake nayo huzidi.

Wanaotaka ghala liwe la serikali hupenda kumtaja Yusufu, mtunza nafaka wa Farao, ambaye misikiti na makanisa humsimulia. Wengi wao huishia kwenye miaka ya neema. Kitabu cha Mwanzo hakiishii hapo: wenye njaa walitoa fedha, kisha mifugo, kisha ardhi na nafsi zao, vyote vikawa vya Farao. Ghala kuwa la dola bado si haki. Serikali ina asilimia 50.1 ya hisa za Kenya Power, na bado tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Mafakihi wa Kiislamu walilitazama jambo hili kwa jicho kali zaidi katika mlango wa ihtikari, yaani kuhodhi bidhaa: anayeweka nafaka ya watu wa nyumbani kwake hana lawama, mwenye lawama ni anayeizuia sokoni akingoja bei ipae. Basi betri na iwe ya yeyote, hata ya mgeni, lakini uamuzi wa lini ijazwe na lini itoe uwe wa msimamizi wa gridi asiyepata senti bei ikipanda. Mwenye betri alipwe kwa utayari.

Mtu atasema malipo ya utayari tumeyaona, nayo yalituumiza. Kweli. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya umeme ya Loiyangalani hadi Suswa ikakamilika 2018 tu, na fidia ikalipwa kwa upepo ambao haukuwasha hata taa moja. Kosa lilikuwa kulipia kitu kisichofika kwa mtumiaji, kwa hiyo betri isilipwe kabla ya kuunganishwa na kupimwa. Kinyozi anayejinunulia betri ya kibanda chake haombi ruhusa ya mtu. Ila akiba ya wote ikipungua, Hospitali ya Kenyatta iliyo jirani itatangulia na draya zitangoja, na msusi ana haki ya kuisoma orodha ya nani atatangulia kabla giza halijaingia.