Madoa Yalipoisha Siku ya Nne

Kangaja wa buluu ni samaki wa kumtia mtu tamaa: mwili rangi ya anga, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano. Pwani ya Kenya wapo wapiga mbizi wanaomkamata kwa nyavu ndogo kwenye matumbawe na kumuuza kwa wasafirishaji wa samaki wa mapambo. Wafugaji wa ng'ambo wanamjua vizuri, na wanajua pia kwamba ukimtia kwenye tangi la kioo, yeye ndiye wa kwanza kuugua.

Meneja wa hoteli moja ya Mombasa aliambiwa hayo akayapuuza. Mapokezini alikuwa na tangi la lita 400, lenye mawe, matumbawe hai, kamba, konokono na samaki saba. Kangaja akaletwa kwenye mfuko wa plastiki, akamwagwa humo jioni ile ile, wageni wakapiga picha.

Haikuchukua siku nyingi samaki akaanza kujikwaruza kwenye mawe na kuhema mbio mbio. Kesho yake mapezi yalikuwa na madoa meupe, kana kwamba kanyunyiziwa chumvi. Mzee aliyekuwa akilitunza tangi akasema samaki wote watolewe, watibiwe pembeni.

"Mzee wangu, nitoe samaki mapokezini wiki ya Pasaka?"

Meneja akanunua kamba wale wanaosafisha samaki, akaamuru chakula kichanganywe na kitunguu saumu. Siku ya nne madoa yakaisha. Mzee akataniwa mbele ya wafanyakazi wote, naye akanyamaza.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kimelea kinacholeta madoa hayo, Cryptocaryon irritans kwa jina la kitaalamu, hukaa mwilini mwa samaki siku tatu hadi saba hivi, kikijilisha chini ya ngozi na kwenye matamvua. Kikishiba hudondoka chenyewe, kitunguu saumu kiwepo kisiwepo. Kikifika chini hujivika gamba juu ya jiwe au kwenye mchanga, humo kikajigawa na kuwa mamia. Watoto wake hutoka gizani, kabla ya mapambazuko, samaki akiwa amelala amejibanza kwenye mawe yayo hayo. Baharini wangetawanyika, na asiyempata samaki ndani ya siku moja au mbili hufa. Kwenye lita 400 atamkosaje? Madoa yalipoisha, ugonjwa ulikuwa umeshuka kwenye mawe kujiandaa.

Wiki iliyofuata samaki wote wanane walikuwa weupe.

Sasa meneja akakumbuka kusikia kwamba shaba inaua vimelea, na kweli inaua. Akamtuma kijana duka la pembejeo akanunue mrututu, ule wanaopigia dawa mashamba, akakoroga vijiko vitatu vya chai kwenye ndoo na kumimina. Kiasi cha kutibu tangi lile, ukipiga hesabu, ni kama theluthi moja ya gramu. Hadi asubuhi kamba walikuwa wamelala ubavu, konokono wamebanduka kwenye kioo, matumbawe yanachuruzika ute. Mizoga ikaoza, maji yakanuka, na samaki sita wakafa. Kimelea kilichonusurika ni kile kilichokuwa ndani ya magamba, maana shaba huua watoto wanaoogelea tu. Haimfikii aliye chini ya ngozi, wala aliye ndani ya gamba.

Samaki wawili waliobaki mzee aliwahamishia stoo ya kufulia, kwenye tangi la plastiki lisilo na kitu isipokuwa mashine ya hewa, kichujio na vipande vya bomba vya kujifichia. Mawe na mchanga havitakiwi humo, kwa sababu hufyonza shaba kisha huirudisha majini wakati usioutarajia. Alitumia dawa ya shaba ya samaki, akaipandisha pole pole hadi miligramu 0.15 mpaka 0.20 kwa lita, akaipima kila siku, akaishikilia hapo zaidi ya wiki tatu. Chini ya hapo kimelea hupona, juu yake anaumia samaki. Kazi yenyewe inachosha, na sijui njia ya mkato.

Tangi lisilotiwa shaba huachwa bila samaki hata mmoja, na wafugaji wengi huhesabu siku 76, kwani baadhi ya magamba hukawia sana kupasuka. Lile la mapokezini halikuwa na bahati hiyo. Mawe yake yalikwisha kunywa mrututu, yakatupwa yote, na kioo kikaoshwa na kukaushwa.

Baada ya miezi kadhaa meneja akaagiza kangaja mwingine. Safari hii mzee aliupokea mfuko mlangoni, akaingia nao moja kwa moja stoo. Meneja akawa anapita kuchungulia kila asubuhi.

"Mzee, huyu hana doa hata moja."

"Nimeona, bwana meneja. Bado wiki tatu."