Zima Taa Kwanza



Baada ya semina ya vijana mwezi uliopita, dada mmoja anayesoma udaktari mwaka wa nne alinifuata nje akaniuliza swali. "Dokta, darasani niko vizuri. Walimu wananiambia nibaki chuoni, nifundishe, nifanye utafiti. Padre wetu anasema Kristo yuko kwa mgonjwa. Sasa nichague kipi?" Nilimjibu maneno mengi ya juu juu, tukaagana. Njiani nikajiona kama nimemdanganya, maana jibu ninalo, ila linaanza na jambo ninaloona aibu kulisimulia. Dada, kama unasoma hapa, hili ndilo jibu lako.

Nasomea ubingwa wa macho. Mkuu wa idara yetu ni profesa, sisi tunamwita Prof tu. Jumatatu ana vikao kutwa nzima. Jumanne yuko kliniki, Jumatano thieta, Alhamisi asubuhi anafundisha. Siku zinazobaki ni za tasnifu za wanafunzi, mitihani, bajeti, na barua ambazo haziishi. Wakuu wa idara wengi niliowasikia, wakishapata ofisi yenye kiyoyozi, kliniki wanawaachia vijana. Yeye hapana. Siku moja nilimuuliza kwa nini asipumzike na ile Jumanne yake, akacheka: "Nikiacha kliniki, nitaanza kuwafundisha nyinyi wagonjwa wa zamani."

Msije mkadhani nampamba. Kuna Jumanne kikao kinamchelewesha mpaka saa tano, na wazee waliotoka vijijini usiku wako kwenye benchi tangu alfajiri, wengine hawajanywa hata chai. Hilo si jambo la kumsifia mtu, na yeye mwenyewe huwa anaingia akiwaomba radhi mmoja mmoja. Mtu mwenye kazi mbili kila mara kuna mahali anachelewa. Nalisema mapema ili asitokee mtu akasema sikumwonya.

Sasa hadithi yenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili. Siku hiyo usiku ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma ikisiri za kongamano moja kubwa, na yangu ilikuwa bado. Ilihusu watoto wanaochelewa kufikishwa hospitali kwa matatizo ya macho. Nilikuwa na takwimu nzuri, jedwali zuri, na tayari nilishajiona nimesimama mbele ya watu na suti mpya.

Mchana akaingia mama mmoja na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Akasema, "Dokta, usiku jicho hili linang'aa kama la paka." Chumba kilikuwa na mwanga mkali wa mchana. Nikammulika mtoto kwa tochi, naye akalia na kugeuza uso. Niliona uwekundu kidogo na matongo kwenye kope. Nikaandika dawa ya matone, nikaandika arudi baada ya wiki sita. Nadhani nilitumia dakika nne. Mama alisita mlangoni kama mtu mwenye neno, halafu akatoka. Nikavuta kompyuta.

Mama hakungoja wiki sita. Alirudi siku ya tisa, ikawa Jumanne, bila miadi. Nesi wa mapokezi, Mungu ambariki, akamwingiza. Prof ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenye baraza la chuo, tai shingoni. Mama akarudia maneno yale yale ya jicho la paka. Prof hakugusa tochi. Alisema, "Zima taa. Funga pazia." Chumba kikawa giza, mtoto akatulia kifuani kwa mama yake. Prof akachukua kile kifaa chetu kidogo cha kuchungulia ndani ya jicho, akakaa umbali wa mkono mmoja, akatazama jicho la kulia, la kushoto, akarudi la kulia. Kisha akanipa mimi. "Njoo uone."

Jicho la kulia lilirudisha mwanga mwekundu, wa afya. La kushoto lilirudisha weupe.

Niwaeleze kidogo, kwa sababu iko siku linaweza kumsaidia mdogo wako. Mmeshaona picha za simu zilizopigwa usiku kwa flashi, macho yanatokea mekundu? Ule wekundu ni mwanga unaogonga nyuma ya jicho, penye damu nyingi, na kurudi. Kama kwa mtoto jicho moja linatoka jekundu na lingine jeupe, huenda ni pembe tu ya picha, huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni saratani ya watoto inayoota kwenye retina, kitabuni inaitwa retinoblastoma. Hii huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Ikiwahiwa, mtoto anapona, mara nyingine hata jicho linaokolewa. Ikicheleweshwa, inafuata mshipa wa fahamu wa jicho kuelekea kwenye ubongo. Kwa hiyo usikae na picha ile. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.

Prof hakunigombeza mbele ya mama. Jioni aliniita ofisini, akafungua faili, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu wa siku tisa nyuma.

"Ulizima taa?"

"Hapana, Prof."

"Andika hivyo kwenye faili. Halafu kesho wewe ndiye utakayemweleza mama tulichokiona. Mimi nitakuwa pembeni."

Basi. Sikulala usiku ule. Na ikisiri yangu, kwa taarifa yenu, ilikubaliwa. Barua ilikuja wiki ileile, ikinipongeza kwa kazi inayohusu watoto wanaocheleweshwa. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi za wodi.

Alhamisi, kwenye kipindi cha kufundishia, nilijua zamu yangu ya kuaibishwa imefika. Prof akasimama, lakini akaanza na kosa lake mwenyewe: mgonjwa wa presha ya macho ambaye zamani alimpima haraka akamwambia yuko salama. Alilieleza lote, hatua kwa hatua, na mbele yake walikaa wanafunzi ambao yeye ndiye anayewapa alama. Ndipo akasema, "Na dokta wetu naye ana la kutufundisha." Nikasimama. Tangu siku ile, katika idara yetu hakuna mtoto anayetazamwa macho bila taa kuzimwa, na limeandikwa ukutani. Nesi yule wa mapokezi ndiye mkali kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Prof hataki kuachia hata mguu mmoja. Angekuwa mtu wa vikao tu, yule mtoto asingekutana naye. Angekuwa wa kutibu tu, angemwona mtoto yule mmoja, na mimi ningeendelea kuwapotosha wengine chumba cha pili.

Hata kile kifaa alichonipa kina historia hiyohiyo. Hermann von Helmholtz alikuwa akifundisha fiziolojia chuoni Königsberg. Mwaka 1850 alikuwa akitayarisha namna ya kuwaonyesha wanafunzi wake kwa nini jicho hung'aa likimulikwa, na katika kutayarisha somo akagundua kwamba kwa kioo kidogo na lenzi mtu anaweza kuona retina ya mtu aliye hai. Mwaka 1851 akakitangaza. Yeye hakuwa na kliniki ya macho. Kijana wa Berlin, Albrecht von Graefe, ndiye aliyekidaka na kukipeleka kwa wagonjwa. Alikuwa na kliniki yake, akifundisha humohumo, na mwaka 1854 akaanzisha jarida la elimu ya macho. Mwaka 1857 akaueleza ulimwengu upasuaji wa kukata kipande cha ile duara yenye rangi ndani ya jicho ili kutibu aina ya presha ya macho ambayo kabla ya hapo iliishia kwenye upofu. Alifariki 1870, ana miaka 42. Kama Helmholtz angedharau darasa lake siku ile, von Graefe angeshika nini?

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya 8, kuanzia aya ya 22. Yule kipofu wa Bethsaida. Nimeisikia kanisani tangu utotoni, na sikuwahi kuisikia kama daktari mpaka baada ya mambo haya.

Tazameni Yesu anavyofanya. Kwanza anamshika mkono na kumtoa nje ya kijiji, mbali na kelele. Anamgusa macho. Halafu anauliza kama anaona kitu. Yesu anauliza! Yeye aliyeumba jicho anamngoja mgonjwa amwambie hali yake. Na mgonjwa anasema ukweli mtupu: anaona watu, lakini wanafanana na miti, ila wanatembea. Yesu hamwambii kwamba kwa mguso wa kwanza wengine walipona. Anaweka mikono tena juu ya macho yake. Ndipo yule mtu anaona vizuri, hata vya mbali.

Mimi sikuuliza. Mama alisita mlangoni na sikumuuliza, "Mama, kuna neno?" Na kwenye lile jedwali langu zuri, lenye wazazi waliochelewa na sababu za kuchelewa, nilikuwa naona watu kama miti inayotembea. Mwanao akichelewa unakuwa mti namba 41. Mama wa mti alipoingia mwenyewe chumbani, na ushuhuda wake mdomoni, sikumtambua. Utafiti wenyewe haukuwa na kosa, bado naamini ni kazi inayohitajika sana. Nilihitaji tu kuguswa mara ya pili. Kwa Prof, nadhani Jumanne ndiyo kazi yake hiyo: kila wiki anarudi kuguswa macho, halafu anakwenda kuongoza.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padre alisikiliza, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na mama umemwomba msamaha?" Nikasema nimemweleza ugonjwa. "Sijakuuliza hilo," akasema. Aliniondolea dhambi, ila malipizi yangu yalikuwa ni kutembea kutoka kanisani mpaka wodini.

Nilimkuta koridoni anafua kanga. Nikamwambia, "Mama, siku ile ya kwanza sikukusikiliza vizuri. Nilikuwa na haraka ya mambo yangu. Naomba unisamehe." Aliikamua kanga mpaka ikaisha maji. Kisha akasema, "Mimi nilijua kuna kitu, mwanangu. Ila nilidhani wewe unajua zaidi." Sikupata cha kujibu. Akaniambia nimshikie ncha ya pili ya kanga ili aianike, nikashika.

Wapo waliotutangulia katika njia hii, tuwaombe watuombee. Mtakatifu Giuseppe Moscati wa Naples alikuwa mwanasayansi na mwalimu, na alipofunguliwa mlango wa uprofesa kamili akauacha ili abaki hospitali ya Incurabili na wagonjwa na madaktari vijana aliowafundisha hapohapo kitandani kwa mgonjwa. Alifariki 1927. Asubuhi alipokea Komunyo, akaenda hospitali, akarudi nyumbani kuona wagonjwa, akafa akiwa kwenye kiti chake. Sikukuu yake ni tarehe 16 Novemba. Mwenzake ni Mwenye Heri Ladislaus Batthyány-Strattmann wa Hungaria, mtoto wa ukoo mkubwa, baba wa watoto 13, daktari wa macho kabisa. Mwaka 1902 alifungua hospitali ya vitanda 25 kule Kittsee, na baadaye akageuza sehemu ya ngome yake huko Körmend kuwa hospitali ya macho. Maskini hakuwatoza fedha, aliwaomba wamsalie Baba Yetu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 2003. Mmoja alikuwa na ualimu, mwingine alikuwa na macho. Picha zao zote mbili nimezibandika ndani ya kabati langu la wodini, karibu na kile kifaa.

Kwa hiyo, dada yangu wa mwaka wa nne: sijui Mungu anakutaka wapi. Wakikupa kiti chuoni, kipokee. Lakini uliza kwanza kama kitakuachia walau Jumanne moja, na kama hakikuachii, omba uachiwe kabla hujasaini.

Yule mtoto aliondolewa jicho la kushoto. Majibu ya maabara yalisema ugonjwa haukuwa umefika mwisho wa mshipa uliokatwa. Kama siku zile tisa zilibadilisha kitu, sijui, na sitajua. Sasa amewekewa jicho la bandia, mama anasema watoto wenzake hawajagundua. Kila baada ya muda analetwa, analazwa kwa dawa ya usingizi, tunalikagua jicho lililobaki.

Jumanne ijayo ni zamu yake tena. Prof ana kikao asubuhi, kwa hiyo tutaanza mimi na nesi. Naomba kila mmoja wenu anayesoma hapa amsalie Baba Yetu moja.