Mlevi Anayetaka Kutubu Aende Wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kughufiria dhambi na kupokea toba. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Imetufikia barua ya kijana wetu mmoja wa Mwambao, aliyepelekwa na kazi Ndhiwa, huko Homa Bay, nchi ya Wajaluo na mashamba ya miwa. Asema kwamba amezama katika chang'aa, naye ataka kuacha. Alimwendea mzee mmoja kumtaka shauri, akafukuzwa mbele ya watu kama mbwa. Sasa auliza: yuko nani wa kukaa nami?

Ndugu zangu, swali hili ni letu sote. Hapa mjini kwetu pia wapo wanywao kwa siri, na mama zao walia kwa siri.

Hukumu ya kileo haina shaka wala mjadala. Zisomeni aya ya 90 na ya 91 za Sura ya Al-Maida. Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na namna ya kumtendea aliyeteleza ni jambo jingine. Amepokea Imam Bukhari kwamba mtu mmoja aliletwa mara nyingi mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa sababu ya ulevi, akapigwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mlevi yule ampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, lakini mlango haukufungwa.

Na Ibn Kathir ataja katika tafsiri yake habari ya Sayyidna Omar, aliyeulizia habari za mtu wa Sham, akaambiwa amepotelea katika ulevi. Omar hakumtangaza. Alimwandikia barua yenye mwanzo wa Sura ya Ghafir, kisha akawaomba waliokuwapo wamwombee dua. Mtu yule aliisoma tena na tena, akalia, akatubu. Omar akawausia wenziwe wamsaidie ndugu yao anapoteleza, wala wasiwe wasaidizi wa Shetani juu yake. Basi sisi tumemsaidia nani, kijana huyu au Shetani?

Sasa tumjibu. Ewe kijana wetu, kwanza nenda hospitali. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikata kwa ghafla aweza kutetemeka, kuweweseka, hata kushikwa na kifafa akafa. Toba haikatazi dawa. Wala usidanganyike kwa kuwa sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya zamani ya chang'aa. Sheria ile yataka itengenezwe kwa leseni na itiwe chupani. Ile ya vichochoroni mara nyingine huchanganywa na spiriti ya sumu ipofuayo macho na kuua.

Pili, usipigane peke yako. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walikutana walevi wawili, Bill Wilson, mfanya biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari. Waliona kwamba mlevi amsikia mlevi mwenziwe zaidi ya anavyomsikia mwenye kumkaripia. Ndipo chama cha Alcoholics Anonymous kilipozaliwa. Hakuna ada, jina kamili halitajwi, na lisemwalo kikaoni hubaki kikaoni. Vikao vyao viko Nairobi, na vingine hufanywa kwa intaneti, basi aliye Ndhiwa aweza kuvifikia kwa simu yake. Ipo pia namba 1192 ya NACADA, ambayo kuipiga ni bure; waulize kikao kilicho karibu nawe.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya Wakristo. Twamjibu kwamba mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore waliunda kikundi cha Millati Islami, wakazirekebisha hatua zile 12 zifuate Uislamu. Hekima humpasa Muislamu kuitwaa aikutapo.

Wala Ndhiwa si wageni wa jambo hili. Mwaka 2012 Madaktari Wasio na Mipaka waliwapima watu huko, wakakuta karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne ana virusi vya Ukimwi. Katika msiba kama huo watu hujifunza kwamba ugonjwa ufichwao kwa aibu huua, na usemwao kati ya wenzio hutibika. Ulevi nao ni hivyo hivyo.

Mwisho twasema nanyi, enyi wazee na maimamu wa miji yetu. Twajua kukusanyika kwa maulidi, kwa harusi na kwa matanga. Je, hatuwezi kutoa chumba kimoja cha madrasa, usiku mmoja kwa juma, wakae wanaotaka kuacha? Hahitajiki mwenye hotuba. Wahitajika watu wawili wakweli, birika la chai, na ulimi usiochukua maneno nje. Tukiwafungia milango, mwenye kilabu cha pombe hawafungii.

Ewe Mola wetu, mpokee kijana huyu na kila aliye mfano wake, na usitujaalie sisi kuwa kizuizi baina yao na rehema yako. Amin.