Kanuni na Nanga: Mkono Unapoamuru Usichokijua

Kiswahili kina maneno mawili ambayo kila moja limebeba mzigo maradufu. Kanuni ni sharti lifuatwalo. Na kanuni, ambayo wengine huiita ganuni, ni ala ya nyuzi nyingi ipakatwayo mapajani na kupigwa katika taarab. Nanga ni chuma kinachozuia chombo kisichukuliwe na mkondo. Na nanga, au inanga kama waiitavyo Warundi na Wanyarwanda, ni ala ya nyuzi ya nchi za Maziwa Makuu. Maana mbili za neno la kwanza zina shina moja, ilhali za neno la pili zimekutana kwa sadfa tu. Hata hivyo maneno hayo yanaelekea kwenye suala moja la zamani: ni kitu gani kiushikacho mkono wa mpigaji, na mpigaji huyo anawajibika kwa kiasi gani kwa yale yatendwayo na mkono wake?

Suala hili limepata sura mpya tangu sauti za muziki zilipohamia ndani ya kompyuta. Kanazi ni kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima na migomba iliyo jirani na Burundi; na Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, kinakaribiana mno na Kirundi. Na afikiriwe kijana wa huko, wa mfano tu, aliyekua akiisikia nanga ya wazee na ambaye sasa anapakata kompyuta mpakato. Mbele yake pana kinanda kidogo cha plastiki chenye vitufe vinane vya kuzungusha. Ndani ya kompyuta mna programu ya kuumba sauti, iitwayo sintesaiza, yenye mamia ya vipimo: urefu wa mwangwi, upana wa kichujio, kasi ya mtetemo, namna sauti inavyoanza na inavyokufa. Vipimo ni mamia, vitufe ni vinane, na mikono ya binadamu ni miwili. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Asili ya taabu hiyo ni mapatano yaliyokuwa ya kheri. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya ala nchini Marekani, vinanda viwili vya watengenezaji wawili walioshindana, Prophet-600 na Jupiter-6, viliunganishwa kwa waya, na kimoja kikapigwa kwa kupitia kingine. Mapatano hayo yaliitwa MIDI, na waasisi wake wakuu, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Mwaka huo huo wa 1983, M. M. Mulokozi alichapisha makala yake juu ya manju wa nanga wa Tanzania, akiuliza kama wao ni watunzi wa tendi. Wahandisi walikuwa wakitafuta namna ya kuugeuza mwendo wa mkono kuwa namba. Mtafiti wa Kagera alikuwa akionyesha kwamba mkono wa manju umebeba historia ya watu. Pande hizo mbili hazikujuana, na huenda mpaka leo hazijajuana vya kutosha.

Katika MIDI, mwendo wa kitufe hupewa ngazi 128, kuanzia 0 hadi 127. Namba chache zilipewa maana ijulikanayo kwa wote: 7 ni ukubwa wa sauti, 64 ni kanyagio la kurefusha sauti. Nyingine nyingi ziliachwa wazi, kila mtengenezaji azitumie apendavyo. Kwa sababu hiyo kitufe kile kile, kwa mkono ule ule, hufungua kichujio katika programu moja na kuzima mwangwi katika nyingine. Mpiga muziki hukaa jioni nzima akifungamanisha kitufe na kipimo, kimoja baada ya kingine. Kisha akabadilisha sauti, na mafungamano yote yakawa ya mwingine. Pengine kitufe kimesimama chini ilhali kipimo ndani ya programu kiko juu. Mkono ukigusa tu, sauti huruka kama mbuzi aliyeshtuliwa. Ziko programu zinazokingoja kitufe kifike mahali pa kipimo ndipo zikitii, na hapo mkono huzunguka bila ya kusikilizwa. Aidha, sauti iliyokusudiwa kupanda taratibu husikika ikipanda ngazi kwa ngazi, kwani 128 ni nyingi kwa mhasibu na chache kwa sikio. Mwaka 2020 ulitangazwa mwafaka mpya, MIDI 2.0, wenye ngazi nyingi mno kuliko hizo; lakini ala za zamani bado zimo mikononi mwa watu.

Dawa iliyobuniwa kwa maradhi hayo ni makro, yaani kitufe kimoja kilichofungamanishwa na vipimo vingi. Programu iitwayo Massive ilikuwa na vitufe vinane vya namna hiyo. Serum, ya mwaka 2014, ilikuwa na vinne. Ukizungusha kimoja, kichujio hufunguka, mwangwi hurefuka na mtetemo hupungua, vyote kwa pamoja. Waswahili husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Makro ni nahodha mmoja. Lakini nahodha huyo ni nani, na nani aliyemtawaza?

Suala hili si la ufundi tu. Makro nyingi hazipewi jina la kipimo bali jina la hali: ung'avu, giza, ukali, joto. Aliyeandika neno "joto" juu ya kitufe alikusudia sifa, kwani katika nchi za baridi joto ni makaribisho, ni moto wa nyumbani na kifua cha mama. Lakini Mswahili huuita muziki burudani, neno la ukoo mmoja na baridi. Kwake yeye wimbo mzuri hupoza moyo, haupashi. Mwenye joto ni mwenye ghadhabu au mwenye homa. Kwa hiyo kijana wa Kanazi au wa Kiponda anapokizungusha kitufe hicho, hazungushi chuma tu. Anatekeleza hukumu ya mtu asiyemjua, juu ya uzuri ni nini na moyo hupendezwa na nini. Na ikiwa kitufe kimeitwa "giza", basi mtu wa mbali amekwisha kumwamulia jinsi msiba unavyosikika: sauti inafifia, mwangwi unarefuka, mtetemo unazubaa. Huenda ndivyo. Huenda pia msiba wa kwao husikika kwa sauti kavu, ya karibu, isiyo na mwangwi hata chembe.

Atakayeitetea makro ana hoja nzito, na haki haimruhusu mtu kuipuuza. Kwanza, makro huwasaidia wanyonge. Asiye na uwezo wa kukusanya wapigaji ishirini anaweza kuusogeza umati wa sauti kwa kidole. Mwenye mkono mlemavu anaweza kwa kitufe kimoja kufanya ambalo mwingine hulifanya kwa vidole kumi. Pili, hakuna mpigaji aliyewahi kutenda peke yake. Nyuma ya kila ala pana seremala, na nyuma ya seremala pana babu yake. Tatu, na hii ndiyo hoja iliyo kali zaidi, mapokeo yenyewe ni makro. Fundi akisema "Rasti", neno moja hilo huleta ngazi za sauti, mahali pa kuanzia, mahali pa kupumzikia na mazoea mengi yasiyoandikwa. Mshairi naye akichagua bahari, mizani na vina huja pamoja, wala hawi mtumwa kwa hilo.

Hoja hizo zinakubalika, na ndizo zinazosaidia kuliona kosa lilipo. Nanga huchongwa kama sinia refu au hori la mti, na aghalabu nyuzi zake si nyingi bali ni uzi mmoja uliopitishwa huku na huko juu ya mti huo. Mwenye kuitengeneza sauti hukaza kipande hiki kwa kukivuta kipande kile. Akigusa pamoja, jirani yake hupata khabari. Basi nayo ni ala ambayo tendo moja husogeza mengi. Lakini uzi unaonekana. Mkono unahisi unapokazana na unapolegea, na mtoto aketiye kando aweza kuuliza, "Babu, mbona umevuta huku?" na akajibiwa.

Liko jambo la ajabu zaidi katika inanga ya Burundi. Manju wake hupiga huku akinong'ona. Mnong'ono hauna mtetemo wa koo, na kwa hiyo hauna kupanda na kushuka kwa sauti, ilhali Kirundi ni lugha ya toni. Hiyo toni hutolewa na uzi, na sikio la msikilizaji huviunga vitu viwili hivyo likadhani mnong'ono wenyewe unaimba. Mtafiti Cornelia Fales alilieleza jambo hili mwaka 2002 katika jarida la Ethnomusicology. Hapo mkono unasema badala ya koo, na unaweza kusema kwa sababu unalijua neno. Mkono usiolijua neno ungetoa toni ya neno jingine, na mnong'ono ungebaki mnong'ono.

Kanuni nayo inatoa ushahidi. Kandokando ya nyuzi zake mna vijiwiko vidogo vinavyoinuliwa na kulazwa kwa mkono wa kushoto, ili sauti ipande au ishuke kwa kiasi kidogo na maqamu ibadilike katikati ya wimbo. Kila kijiwiko kina kazi yake moja, nayo inaonekana kwa macho. Kinanda cha funguo 12 hakina sauti ya tatu ya Rasti, ile ikaayo katikati ya funguo mbili. Kuipata katika MIDI ya zamani mara nyingi kulihitaji kupinda sauti zote za njia moja kwa pamoja, ili moja ikae sawa na nyingine zipotoke. Utaratibu wa kuipa kila sauti njia yake ulipitishwa rasmi mwaka 2018, miaka 35 baada ya mapatano ya kwanza. Kwa miaka hiyo yote mpiga taarab alilaumiwa, au alijilaumu, kwa kosa ambalo halikuwa la mkono wake.

Basi kosa si kuwa kitufe kimoja kinasogeza mengi. Kosa ni kuamuru usichokijua, kisha kukiita chako. Mila za pwani hupima tendo kwa nia, na nia haiwezi kufika mahali ambapo ujuzi haujafika. Asiyejua kitufe chake kinasogeza nini aweza kutaka kupendeza, lakini hawezi kusema kwamba alikusudia sauti ile. Ameipata tu, kama mtu aokotaye kitu ufukweni. Hata akisifiwa, sifa inampita kwenda kwa mwingine. Na akikosea hawezi kutubu, kwani hajui alikosea wapi. Mapokeo humfunga mtu kwa kamba anayoweza kuifuata kwa kidole mpaka kwa aliyeifunga, na aliyeifunga ana jina na ana kaburi. Makro iliyofichwa humfunga kwa kamba isiyo na mwisho unaoonekana, na programu ikibadilishwa, hata kamba haipo.

Kwa hiyo wajibu wa mpigaji si kuitupa kompyuta mpakato na kurejea kwenye mti. Wajibu wake ni kuifungua makro kabla ya kuipiga: aangalie ndani mna nini, avikate vifungo asivyovitaka, afunge vyake, na akiite kitufe kwa jina la kwao. Kazi hiyo inachosha, na sehemu kubwa ya uchovu huo ni ada ya umiliki. Kijana wa Kanazi akikaa jioni kadhaa na mwenye nanga, akamtazama avutavyo uzi, kisha akafungamanisha kitufe kimoja ili sauti ikazwapo jirani yake ilegee kidogo, atakuwa na makro. Ikiruka mbele za watu, atajua imeruka kwa nini. Na mdogo wake akimuuliza mbona amezungusha huku, atakuwa na jibu la kumpa.